MALEWA ZA MJINI: NANI ANAMLISHA MWANAFUNZI?



Sisi finalisti tunaongea kila siku juu ya fakultati. Huyu anataka Sheria, yule anataka Uganga, mwingine anasema atafanya Maendeleo ya Vijiji. Lakini tumbo halina fakultati. Mtu akishapita Eksamen ya Taifa na kuandikwa chuoni, swali la kwanza la kila siku si la masomo. Ni hili: "Leo nitakula wapi, na kwa feza gani?" Kwa sababu hiyo tunaandika juu ya mahali pa kula katikati ya mji wetu wa Bukavu, zaidi sana zile nyumba ndogo za chakula tunazoziita malewa. Jina hilo lilitufikia kutoka Kinshasa pamoja na Kilingala, na sasa kila mtu hapa analijua.

Tungependa kueleza mambo matatu: malewa ziko wapi na zinapika nini, namna gani sahani inaweza kuwa ya bei ndogo vile, na kitu gani kinaweza kuiua. Jambo la tatu ndilo linatugusa sisi wanafunzi.

1. MJI WA MASOMO, MJI WA NJAA NDOGO

Bukavu ni mji wa vyuo. Kuna ISP, ambako walimu wengi wa jimbo letu walisomea. Université Catholique ilianza mwaka 1989, na masomo yake mengine yanafanyika Bugabo. Université Evangélique en Afrique ilianza mwaka 1991 na iko Panzi. Université Officielle ilitoka katika tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani, na iko Karhale. Tena kuna ISDR, ISTM, na nyingine nyingi ambazo hatuwezi kuzitaja zote.

Wanafunzi wa vyuo hivi wanatoka Shabunda, Mwenga, Fizi, Kalehe, Idjwi, Walungu na pande zingine. Wengi hawana nyumba ya wazazi mjini. Wanakodi chumba kimoja wawili au watatu, na mara nyingi chumba hicho hakina mahali pa kupikia. Kununua imbabula, sufuria, makala na unga kwa tumbo moja ni gharama kubwa kuliko kununua sahani moja iliyopikwa. Basi wanakula inje. Wengi wanakula mara moja tu kwa siku, na hiyo mara moja ni malewa.

2. MAHALI ZIKO

Mpangilio wa mji wetu ulianza zamani za Wabeleji, wakati Bukavu iliitwa Costermansville. Wao walijenga nyumba zao kandokando ya ziwa, katika Ibanda. Wafanyakazi weusi waliwekwa Kadutu na Bagira. Mpaka leo unaweza kusoma jambo hilo kwa njia ya chakula. Karibu na ziwa kuna hoteli na restora zenye vitambaa juu ya meza. Ukipanda kuelekea Kadutu, bei inashuka wakati mlima unapanda.

Mtu anayetembea mjini atakutana na namna nne za mahali pa kula.

Ya kwanza ni beseni. Mama au dada anapita na beseni juu ya kichwa, ndani yake kuna mandazi, ndizi mbivu, mayai ya kuchemsha, karanga au avoka. Ndiyo restora inayotembea. Asubuhi inawasaidia wale wanaokimbilia auditoire bila kunywa chai.

Ya pili ni kioski ya chai. Kuna termos, mukate, sukari, pengine maziwa ya unga na omeleti. Ziko nyingi kwenye barabara ya Patrice Lumumba na njia ndogo zinazotoka humo, hata Nyawera na Place Major Vangu.

Ya tatu ndiyo malewa yenyewe: shitingi au mabati juu, mabenchi mawili au matatu, sufuria kubwa juu ya imbabula, na mama mwenye kijiko kirefu. Utazikuta karibu na soko la Nyawera, kuzunguka soko kubwa la Kadutu, Beach Muhanzi ambako mashua zinashusha mizigo, na karibu na milango ya vyuo. Mahali popote ambapo watu wanabeba, wanauza au wanasoma, malewa haiko mbali.

Ya ine ni mahali pa mishikaki, wakati jua linapozama. Nyama ya mbuzi inachomwa, na ndizi au viazi pembeni. Mahali hapo mara nyingi ni nganda, na chupa inapita mbele ya nyama. Wadogo zetu wenye uniformu wanajua sheria ya shule juu ya nganda, kwa hiyo hatutaongeza neno.

3. SAHANI INATOKA WAPI?

Mtu akisema "Mama, unitilieko bugali na sombe," anafikiri ameomba kitu chepesi. Tufuate sahani hiyo mpaka mahali ilipotoka.

Bugali ni ya muhogo, ya mahindi, ao ya kuchanganya. Muhogo unatoka katika mashamba ya milima yetu, na mahindi mengi yanatoka katika bonde la Ruzizi, upande wa Kamanyola na Uvira. Unga mwingine unavuka mpaka. Kamioni zikikwama kwa sababu ya matope ya mvua, ao barabara ikifungwa kwa sababu ya vita, mama hapandishi bei siku ileile. Anafanya bugali kuwa ndogo. Wanafunzi wanasema, "Bugali imekonda." Haikukonda yenyewe. Barabara ndiyo imeikondesha.

Sombe ni majani ya muhogo. Majani haya mabichi yana sumu ndani yake. Ndiyo maana mama zetu tangu zamani wanayatwanga vizuri na kuyapika kwa saa nyingi: kutwanga kunafungua sumu, maji ya moto na mvuke vinaiondoa. Sombe ya haraka si sombe. Lakini saa nyingi juu ya moto maana yake ni makala mengi.

Na makala yanatoka wapi? Yanatoka katika miti ya milima inayozunguka mji, na mengine yanatoka hata katika msitu wa Kahuzi-Biega. Msitu huo ulifanywa kuwa Parke ya Taifa mwaka 1970, UNESCO ikauandika katika urizi wa dunia mwaka 1980, na tangu 1997 uko katika orodha ya vitu vilivyo katika hatari. Kwa hiyo sufuria moja ya maharagi pale Kadutu inashikamana na mti mmoja uliosimama karibu na makao ya sokwe. Hatusemi haya kwa kumhukumu mama wa malewa. Yeye ananunua anachokikuta sokoni. Tunasema kwa sababu mwanafunzi anayesoma Mazingira anaweza kuanza somo lake mbele ya sahani.

Halafu kuna sambaza. Wengi wanafikiri samaki hawa wadogo walikuwa katika ziwa letu tangu uumbaji. Sivyo. Ziwa Kivu lilikuwa na aina chache tu za samaki. Kati ya mwaka 1958 na 1960 sambaza waliletwa kutoka ziwa Tanganyika na kutiwa humu. Ni jamii moja na ndagala za Uvira. Walizaana, na leo hakuna malewa ya Bukavu isiyowajua. Wavuvi wanawavua usiku. Wanafunga mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, wanawasha taa, na samaki wanafuata mwangaza mpaka juu ya wavu. Wakati wa mwezi mkubwa mbingu yote ina mwangaza, na taa ya mvuvi haina nguvu tena ya kuvuta. Siku hizo sambaza wanapungua na bei inapanda. Kwa hiyo ukiona sahani yako ina sambaza kumi badala ya ishirini, usimnunie mama mbele ya kutazama juu.

4. HESABU YA MAMA

Sasa tuingie katika hesabu. Hizi namba ni mfano tu wa kueleza. Si bei ya soko, maana bei inageuka kila juma.

Tuseme mama mmoja anatumia franka 60 000 kwa siku kwa ajili ya unga, mboga, sambaza, mafuta, chumvi, makala, maji, kodi ya mahali na posho ya binti anayemsaidia kuosha vyombo. Anapata sahani 30. Anauza sahani moja franka 2 500. Akiuza zote, anapata franka 75 000. Faida yake ni franka 15 000. Katika hizo atalisha watoto wake, atalipa nyumba na minervali ya shule, labda hata ya shule kama yetu.

Sasa angalieni. Mwanafunzi mmoja anasema, "Mama, nitalipa kesho." Franka 2 500 zimetoka. Wa pili anasema vilevile. Wa tatu, wa ine, wa tano, wa sita. Hesabu: mara sita franka 2 500 ni franka 15 000. Watu sita tu kati ya thelathini, na kazi ya siku nzima imekuwa bure. Alipanda saa kumi ya usiku, alibeba maji, alitwanga, alipika katika moshi, na jioni anarudi nyumbani na mikono mitupu. Akiongezeka wa saba, mama anakula kapitali yake. Kesho atapika sahani chache, kesho kutwa chache zaidi, na siku moja utakuta benchi limegeuzwa juu chini.

Basi malewa haifi kwa kukosa wateja. Inaweza kufa ikijaa watu.

Kapitali hiyo yenyewe mama ameipata kwa shida. Wengi wanaanza kwa likelemba: mama kumi wanatoa kiasi kilekile kila juma, na kila juma mmoja wao anachukua yote. Ukimla mama mmoja deni, juma linalofuata hana cha kutoa, na wenzake tisa wanaumia pamoja naye. Deni lako limefika kwa watu usiowajua.

5. DAFTARI YA MADENI

Katika malewa nyingi utasoma kibao: "Leo feza, kesho kredi," ao "Kredi imekufa." Lakini chini ya meza kuna daftari. Mama anajua kwamba mwanafunzi hapati feza kila siku. Mzazi wa Shabunda anauza mazao yake, anatuma feza kwa simu, na mtoto anaipokea kisha juma mbili. Katika juma hizo mbili mama wa malewa ndiye baba, ndiye mama, ndiye bursi ya serikali.

Jambo hili lilionekana zaidi tangu Februari 2025, wakati vita ilipofika mjini. Mabanki yalifunga milango, feza ya mkono ikawa ngumu kupatikana, na watu waliokuwa na mshahara wakajifunza kukopa sahani kama wanafunzi. Sufuria ya mama haikuwa na banki. Ilikuwa na imani tu. Kumkopesha mtu chakula wakati wewe mwenyewe hujui kesho ni kazi kubwa, hata kama haiandikwi katika kitabu cha istoria.

Kwa hiyo tungependa kuwapa wenzetu sheria chache, si kwa amri ya shule, bali kwa akili:

Kwanza, ukiomba kredi, sema siku ya kulipa, na iwe siku ya kweli. "Nitalipa siku moja" si tarehe.

Pili, siku ile ukikosa, usibadilishe njia. Pita palepale, simama, sema, "Mama, feza haijafika, unisamehe, nitakupatia siku ya posho." Mama wengi hawagombezi mtu anayejionyesha. Wanaumizwa na mtu anayejificha.

Tatu, ukipata feza, lipa deni mbele ya kununua viatu. Viatu havikukulisha.

Ine, usiache deni malewa moja na kuhamia ya jirani. Mama hao wanaongea. Wanachota maji pamoja, wanacheza likelemba pamoja. Jina lako litafika mbele yako.

Tano, usilete noti ya dola kwa kununua mandazi, wala dola yenye kupasuka kidogo, maana hapa kwetu hakuna atakayeipokea. Tembea na franka ndogondogo.

6. NAMNA YA KUCHAGUA

Bei ndogo ni nzuri, lakini afya ni kubwa kuliko bei. Kivu ya Kusini ni moja ya majimbo ya Kongo ambamo kolera inarudi mara kwa mara. Wazee wanakumbuka mwaka 1994, namna ugonjwa huu ulivyoua wakimbizi wengi pale Goma. Kolera ni vijidudu vinavyopita katika maji na chakula kilichochafuliwa na choo cha mgonjwa. Moto unaviua. Maji yaliyochemka yanaviua. Lakini chakula kilichopikwa vizuri kinaweza kuchafuliwa tena na mkono, na nzi, ao na maji ya kuoshea sahani.

Basi ukifika malewa, tazama mbele ya kukaa:

Maji ya kunawa mikono yako wapi? Bidoni yenye robine na sabuni ni alama nzuri. Beseni moja ambamo kila mtu anatia mkono ni alama mbaya, maana unanawa uchafu wa aliyekutangulia.

Sahani zinaoshwa namna gani? Kama kuna maji mawili, ya sabuni na ya kusuuza, na maji hayo yanabadilishwa, kaa. Kama maji yamekuwa na rangi ya sombe, pita.

Sufuria ina kifuniko? Chakula kina mvuke? Kula kilicho moto. Mboga mbichi, kama vile tomati na vitunguu vilivyokatwa, inategemea maji yaliyoivosha. Ukiwa na mashaka, iache.

Maji ya kunywa: uliza kama yamechemshwa. Kuuliza si matusi. Mama mwenye usafi anafurahi kuulizwa, kwa sababu anapata nafasi ya kujisifu kidogo.

Na watu wanaokula hapo ni nani? Pale ambapo wabebaji na madereva wa taxi wanajaa saa sita, chakula kinapita haraka, hakilali. Sufuria inayokwisha kila siku ni salama kuliko sufuria inayongojea kesho.

Mtu akipatwa na kuhara kwa maji mengi, asingojee. Aende kituo cha afya mara moja, na njiani anyweshwe maji safi litri 1 yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kinachoua katika kolera ni kukauka kwa mwili.

7. HESHIMA KWENYE BENCHI

Tumemaliza karibu, lakini kuna neno moja juu ya adabu. Wengine wetu, tukishajua Kifaransa kidogo, tunamwita mama wa malewa kwa kupiga vidole ao kwa "Psst!" Huyo ni mama. Mwite Mama. Anaweza kuwa na umri wa mama yako, na pengine mtoto wake yuko katika darasa lako, na hasemi kitu kwa ajili ya haya. Mtoto huyo hana sababu ya kuona haya. Minervali iliyolipwa kwa bugali ni feza safi kama ile ya ofisi.

Tena, benchi ni fupi na wateja ni wengi. Ukimaliza kula, simama. Mazungumzo ya mpira yanaweza kuendelea njiani. Mtu mmoja anayekaa saa moja na sahani tupu amefunga mlango kwa watu watatu.

Wandugu, mwaka ujao wengi wetu tutakuwa watoto wa hizo sufuria. Tutakuwa na madaftari yetu ya masomo, na mama atakuwa na daftari yake. Siku ya deliberasyo profesa atasoma pointi zetu mbele ya watu. Lakini daftari ya mama haisomwi mbele ya watu, na ndiyo maana inaonyesha mtu ni nani. Tufanye jina letu lifutwe humo kila mwezi, ili sufuria ibaki juu ya moto kwa ajili ya wale watakaotufuata.

Mulale salama, na mukule vizuri.

Mkubwa wa wanafunzi, finalisti